Tovuti ya shule ya msingi kwa laki nne na nusu: mngeanza na nini?

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha shule ya msingi ya binafsi, mchepuo wa Kiingereza, Morogoro mjini. Jina la shule naliweka kapuni. Mwenye shule amenikabidhi tovuti niishughulikie, sifa yangu kubwa ikiwa ni kumiliki kompyuta mpakato. Bodi imetenga shilingi 450,000 kwa mwaka mzima, kila kitu humo humo, na nimeambiwa haiongezeki hata mia.

Hali ilivyo sasa. Tovuti ipo, ilitengenezwa 2019 na fundi ambaye siku hizi hapokei simu. Ukiifungua kwa simu yanakuja kwanza mapicha makubwa yanayosukumana: watoto wa Kizungu wamevaa makoti na tai, wanacheka. Sisi sare yetu ni sweta la kijani. Ukurasa wa walimu una majina ya watu walioondoka zamani, na chini yake yale maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi ambayo fundi hakuyafuta. Ada imewekwa kama karatasi iliyoskaniwa, imelala ubavu, ya mwaka 2021. Kuna fomu ya kutuma ujumbe. Ujumbe unaenda kwenye barua pepe ambayo nywila yake hakuna anayeijua. Ramani inampeleka mgeni kwenye gereji.

Meneja ameleta profoma ya kampuni moja: milioni 2 na laki nane, ndani yake kuna video ya droni, roboti ya kujibu maswali na mfumo wa wazazi kuingia kuona maksi. Bodi ikacheka. Ndiyo nimebaki na hiyo laki nne na nusu. Mngeanza na nini, na kipi mngekiacha kabisa?

#2 Chapa Ilale

Tovuti ya nini tena? Wazazi wote wapo kwenye magrupu ya WhatsApp. Hiyo hela nunueni madawati, au mwongezeeni mpishi mshahara.

#3 Kaa la Moto

Nafuatilia. Ila mimi niko shule ya serikali, nitauliza la kwangu baadaye.

#4 Mama Wawili

Naomba niseme kama mzazi, mafundi mtakuja na yenu.

Mwaka jana mwishoni nilikuwa namtafutia kijana wangu nafasi ya darasa la kwanza, hapo hapo Morogoro. Naishi Kihonda, kazini kwangu Msamvu, gari sina. Maswali yangu yalikuwa ya kawaida kabisa. Ada ni shilingi ngapi kwa mwaka na inalipwa kwa awamu ngapi. Basi linapita mtaani kwetu saa ngapi, na nauli yake imo kwenye ada au inalipwa pembeni. Mtoto anakula nini saa nne na mchana. Usaili ni lini na aje na nini.

Nikaanza kuzipitia tovuti za shule. Zote zikanieleza dira na dhamira. Moja ilikuwa na ujumbe wa mkurugenzi mrefu kuliko hotuba ya bajeti. Ada? "Wasiliana nasi kwa maelezo zaidi." Napiga simu, naambiwa njoo ofisini. Yaani niombe ruhusa kazini nikaulize bei!

Mtoto nilimpeleka shule iliyokuwa na ukurasa mmoja mweupe, hata picha haukuwa nayo. Ila kulikuwa na jedwali la ada, njia za basi kituo kwa kituo, na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa. Kabla sijapiga nilishajua naiweza au siiwezi.

#5 Chapa Ilale

Hawaweki ada kwa sababu washindani watachungulia.

#6 Mama Wawili

Mshindani anaijua ada yenu tangu zamani, ana mpwa wake anasoma hapo. Asiyeijua ni mimi.

#7 Mpiga Zumari

#6 hahaha, nakazia.

Chapa Ilale, hilo la WhatsApp lina ukweli nusu. Grupu linawafaa wazazi walioko ndani tayari: kesho mje na ufagio, Ijumaa tunafunga saa sita. Anayetafuta shule hayumo kwenye grupu, na hamwezi kumwingiza kabla hajaamua. Ukurasa wa Facebook nao una shida yake, tangazo la usaili likishafunikwa na picha za mahafali na salamu za sikukuu, mzazi hatalifukua. Mwalimu, gawa kazi. Yanayobadilika kila wiki yaende kwenye grupu, yanayodumu mwaka mzima yakae kwenye tovuti. Hapo hutahangaika na ule ukurasa wa "Habari" ambao habari yake ya mwisho ni ya miaka mitatu iliyopita.

#8 Fundi Mitambo

Mwalimu, kabla hujagusa rangi wala picha, tafuta kwanza jina la tovuti ni la nani. Nasema domeini, ile anwani yenyewe. Ingia kwenye huduma ya whois ya anwani zinazoishia na .tz, andika anwani yenu uone imesajiliwa kwa nani na inaisha lini. Kama mwenyewe ni yule fundi, basi shule ni mpangaji kwenye nyumba ya mtu asiyepokea simu. Siku akiacha kulipia, jina linaondoka na kila kalenda mliyowahi kuchapisha yenye anwani hiyo.

Nenda kaangalie, urudi hapa.

#9 Mwalimu wa Zamu

Nimeangalia. Ni .co.tz, ina jina la fundi na barua pepe ya fundi, na inaisha Machi. Nimemwonyesha meneja, ameshika kichwa.

#10 Fundi Mitambo

Afadhali mmejua kabla ya Machi. Msianze ugomvi naye, atawapotezea muda. Mkimpata, mwombeni ile namba ya siri ya kuhamishia domeini, mhamie kwa msajili mwingine, yaani kampuni inayosajili domeini, kwa jina la shule. Asipopatikana, mwandikieni msajili barua yenye muhuri, ila msikae mkisubiri majibu. Sajilini .sc.tz. Ni fungu la shule za msingi na sekondari ndani ya .tz, na kwangu mimi lina uzito kuliko .co.tz au .com, mzazi akiliona anajua hii ni shule. Wajomba wa Kenya wanalo lao, .sc.ke. Andaa nakala ya usajili wa shule, msajili anaweza kuiomba. Bei inatofautiana kati ya msajili na msajili, lakini hii ni hela ya makumi elfu kwa mwaka, siyo malaki. Ukiona mtu anakutajia laki mbili kwa domeini peke yake, kimbia.

Jambo moja nalirudia kwa herufi kubwa: ISAJILIWE KWA JINA LA SHULE, kwa barua pepe ya shule na simu ya ofisi. Siyo yako wewe. Walimu mnahama.

Sasa mahali pa kuijengea. Kwa shule yenye kurasa tano au sita, mimi fundi ninayekula kwa kazi hii nakwambia: tumia Google Sites. Haina malipo, inakaa vizuri kwenye simu, kufuli la https linakuja lenyewe, na unaweza kuifunga kwenye domeini yenu ya .sc.tz. Mwalimu yeyote aliyewahi kuandika mtihani kwenye Word anaiweza. Hela ya hostingi, yaani kukodi mahali pa kuihifadhi tovuti, inabaki mfukoni.

#11 Seva Moto

Fundi Mitambo unatuharibia soko, lakini acha nikupinge kwa hoja. Google Sites zote zinafanana, huwezi kuipamba unavyotaka, na siku mkitaka kuongeza kitu cha maana mtajenga upya. WordPress, programu ya kujengea tovuti, ni bure, violezo vya bure (mwonekano ulioandaliwa tayari) vipo kibao, na tangu toleo 5.5 la mwaka 2020 unaweza kuweka viendelezi, zile programu ndogo za nyongeza, vijisasishe vyenyewe. Hostingi ya hapa hapa nchini mnapata kwa laki moja na kitu kwa mwaka. Bado mko ndani ya bajeti.

#12 Fundi Mitambo

Seva Moto, sibishi kwamba WordPress ni nzuri. Nauliza nani ataiangalia siku Mwalimu yuko kwenye michezo ya UMITASHUMTA na timu ya netiboli?

Shule nyingine, siyo hii, iliniita niwasaidie. Mzazi alikuwa ameitafuta Google, jina la shule linatokea vizuri, ila maelezo ya chini yake ni ya viatu na mikoba, kwa Kijapani. Ukurasa wenyewe ukiufungua unaona shule kama kawaida, ndiyo maana pale ofisini hakuna aliyekuwa na habari. Huo ni udukuzi wa siku nyingi: wanaingilia kwenye kiendelezi kilichochakaa, wanapandikiza mamia ya kurasa ambazo Google inaziona na wewe huzioni, wanauza viatu feki kwa mgongo wa jina lako. Hapo mlango ulikuwa kiolezo cha kulipia ambacho fundi alikipakua kwa njia za panya ili asinunue. Kuisafisha tovuti ilikula hela kuliko kukinunua hicho kiolezo. Ukiwa na mtu wa kudumu wa kuitunza, nenda WordPress kwa amani. Ukiwa na mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki, punguza vitu vinavyoweza kuharibika.

#13 Seva Moto

Hapo kwenye violezo vya wizi tuko pamoja. Mwalimu, ukienda upande wangu, usikubali kitu cha namna hiyo hata kama fundi ni shemeji yako.

#14 Mkenya Mtulivu

Hamjambo majirani. Nawasalimu kutoka Nakuru.

Mmetaja picha, na hapo ndipo mtajichoma. Huku kwetu, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu, wakati bajeti yenu nzima ni laki nne na nusu za Tanzania! Tangu siku hiyo, kabla hatujainua simu kupiga picha siku ya michezo, mwalimu mkuu anauliza fomu ziko wapi.

#15 Wakili wa Mtaa

Na msidhani ni ya Kenya peke yake. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Picha ya mtoto inayomtambulisha ni taarifa binafsi, na mtoto hawezi kujitolea ridhaa, anaitoa mzazi au mlezi.

Kwenye utekelezaji ni jambo jepesi. Kwenye fomu ya kujiunga ongezeni kipengele: mzazi anakubali au hakubali picha ya mtoto itumike kwenye tovuti na matangazo ya shule, weka visanduku viwili, sahihi na tarehe. Asiyekubali aheshimiwe, na asinuniwe getini. Asilazimishwe pia, ridhaa ya kulazimisha siyo ridhaa. Halafu hata kwa waliokubali, msiandike jina kamili na darasa chini ya picha. Mtu baki akishajua jina la mtoto, darasa lake, sweta la kijani na saa ambayo basi linamshusha, mmemrahisishia kazi.

#16 Mpiga Zumari

Na yale mabango ya "Hongera fulani bin fulani, wastani A" yenye picha za watoto wa darasa la saba je? Shule zote zinaweka.

#17 Wakili wa Mtaa

Zote zinaweka, na nyingi hazina karatasi hata moja ya ridhaa kwenye faili. Wekeni matokeo ya shule kwa ujumla na kiungo cha kwenda tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, mzazi ajisomee mwenyewe. Inaaminika zaidi kuliko bango mlilojichapia.

#18 Picha Tatu

Mimi ni mpigapicha, basi niseme la kwangu. Ondoeni hao watoto wa Kizungu leo hii, kabla ya kitu kingine chochote. Mzazi si mjinga, anaona hawa siyo watoto wa Morogoro, na akishaona mmedanganya kwenye picha anaanza kuwashuku kwenye ada.

Hamhitaji picha arobaini. Picha sita nzuri zinatosha: geti lenye jina la shule lisomeke, darasa moja likiwa na kazi ubaoni, jiko na sahani ya chakula cha siku ile, basi ubavuni, uwanja, maktaba kama ipo. Ile ya jiko msiidharau, akina mama wanaikuza kuangalia masufuria. Pigeni asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, jua likiwa bado pembeni. Mkipiga saa saba mchana, kwa ngozi zetu na shati jeupe, mtapata mashati bila nyuso.

Uzito sasa. Picha ya simu ya siku hizi ina MB tatu, nne, hata zaidi. Ukizipandisha hivyo hivyo sita, mzazi mwenye bando la siku atazilipia kwa jasho au ataondoka kabla hazijafunguka. Upana wa pikseli 1200 unatosha, na uzito usivuke KB 200. Kuna Squoosh, inafanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Ukiona uvivu, jitumie picha kwa WhatsApp kwa ubora wa kawaida kisha ihifadhi: inapungua yenyewe, na zile taarifa za mahali ilipopigwa zinafutika. Ukimaliza, pima ukurasa kwenye PageSpeed Insights ya Google upande wa simu, itakuambia ni kipi kizito.

#19 Mwalimu wa Zamu

Asanteni sana, nanakili kila kitu. Nimekwama kwenye jambo moja ambalo siyo la kiufundi. Nilipendekeza ukurasa wa ada na wa usaili uwe kwa Kiswahili. Mwenye shule kakataa: sisi ni mchepuo wa Kiingereza, mzazi akikuta Kiswahili ataona tunashusha hadhi. Nimjibu vipi bila kuonekana mkaidi?

#20 Chapa Ilale

Mwenye shule yuko sahihi. Mtu analipa milioni na nusu mwanawe aongee Kiingereza, halafu mnamkaribisha kwa Kiswahili?

#21 Mama Wawili

Chapa Ilale, anayelipa ni mimi, anayesoma Kiingereza ni mtoto. Ada ndogo wanayoita "caution money" niliilipa bila kujua inarudishwa mtoto akihama, kwa sababu iliandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani na niliona haya kuuliza. Na anayempeleka mtoto usaili kwa familia nyingi ni bibi.

#22 Mpiga Zumari

Mwalimu, usibishane naye kwa maneno. Mwombe mhasibu akuhesabie simu za wiki moja: ngapi zinauliza kitu ambacho tayari kimo kwenye tovuti, na waliopiga waliuliza kwa lugha gani. Mpelekee hiyo karatasi. Wenye shule wanaelewa muda wa mhasibu kuliko sera ya lugha.

Na ukitaka njia ya katikati: ukurasa wa mbele ubaki Kiingereza kwa ajili ya hadhi, jedwali la ada, basi na usaili viwe kwa lugha zote mbili, Kiswahili kikianza.

#23 Mhasibu Mstaafu

Vijana mmesema mengi, hamjagusa malipo. Kwenye tovuti ya shule MSIWEKE namba ya simu ya mtu binafsi kwa ajili ya kulipia ada. Hata ya mkurugenzi. Wekeni akaunti ya benki yenye jina la shule, au namba ya lipa iliyosajiliwa kwa jina la shule, na pembeni yake mwandike jina linalopaswa kutokea kwenye simu kabla mzazi hajabonyeza namba ya siri: "likitokea jina jingine, usilipe, piga ofisini." Tovuti ikidukuliwa, mwizi hana haja na picha zenu. Anabadilisha tarakimu za akaunti na kunyamaza. Mtakuja kugundua muhula ukiwa katikati, wazazi wana risiti na benki haina hela.

Kwa hiyo kila Jumatatu mtu afungue ule ukurasa kwa simu yake na alinganishe tarakimu na kitabu cha benki. Haigharimu kitu.

#24 Baba wa Muscat

Nimepita. Mimi niko Oman, wanangu wanasoma Tanga kwa bibi yao. Ninachoomba kwenye tovuti ya shule ni kalenda: kufungua, kufunga, wiki ya mitihani, siku ya wazazi. Tiketi nakata mapema, na shule inanitajia tarehe ya kufunga wiki moja kabla. Namba ya ofisi nayo iandikwe na +255 mbele, tulioko nje tukiibonyeza kama ilivyo na sifuri haiendi. Bora zaidi wekeni kiungo cha wa.me chenye namba kuanzia 255, bila jumlisha wala sifuri. Nikigusa, WhatsApp inafunguka moja kwa moja.

#25 Fundi Mitambo

Baba wa Muscat kanikumbusha ile ramani inayopeleka watu gereji. Hilo halihitaji hela wala tovuti. Mwalimu, idai kadi ya shule kwenye Google Ramani, ile inayotokea na jina, simu na mahali, kwa akaunti ya shule. Siku hizi mara nyingi wanataka video fupi inayoonyesha bango, jengo na mtaa. Wakishathibitisha, vuta pini uiweke getini, weka simu, saa za ofisi na picha. Wengi wanaotafuta shule hawafiki hata kwenye tovuti, wanaishia kwenye hiyo kadi na kupiga simu. Ukiniuliza kitu kimoja tu cha kufanya leo kabla ya kulala, ni hicho.

#26 Kaa la Moto

Sasa la kwangu. Sisi shule ya serikali, wanafunzi mia tisa na kitu. Ruzuku ya uendeshaji ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka kwenye makaratasi, sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayotufikia inaishia kwenye chaki na mitihani. Laki nne na nusu kwetu ni ndoto. Tufanyeje?

#27 Fundi Mitambo

Kaa la Moto, kwenu mzazi hatafuti shule, anapangiwa kwa mtaa, kwa hiyo haja ya tovuti ni ndogo. Chukua hiyo kadi ya ramani, kisha ukurasa mmoja wa Google Sites wenye mahitaji ya uandikishaji wa awali na darasa la kwanza, namba ya ofisi na kalenda. Gharama ni bando lako. Ila nyie ni serikali, mpitishie kwanza mwalimu mkuu na afisa elimu kata msije mkaulizwa ruhusa mlipata wapi.

#28 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, mrejesho.

Karatasi ya simu imefanya kazi. Mhasibu aliorodhesha wapigaji kwa wiki, karibu wote waliuliza ada, basi na nafasi, na waliouliza kwa Kiingereza walikuwa wachache mno. Mwenye shule kaisoma, kanyamaza kidogo, kasema Kiswahili kiwekwe "kwa ada na basi tu". Na usaili nimeuweka, nasubiri aone.

Bajeti imepita hivi: domeini ya .sc.tz nimetenga 35,000. Mpigapicha wa nusu siku 100,000. Bando la kusasishia 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Bango jipya la getini lenye anwani ya tovuti na namba ya ofisi 60,000. Posho ya anayesasisha 15,000 kwa mwezi, miezi kumi ya masomo, 150,000. Hii meneja aliikata kwanza, nikamwambia bila posho hakuna tovuti mwezi wa nne, akairudisha. Jumla 405,000, zinabaki 45,000 za dharura. Hostingi sifuri, tumeenda Google Sites. Seva Moto utusamehe.

Kurasa ni tano: mwanzo, ada na malipo, basi na chakula, kujiunga, kalenda. Ujumbe wa mkurugenzi tumeupunguza hadi sentensi nne na yeye mwenyewe kaukubali. Mfumo wa wazazi kuona maksi tumeuacha kabisa, ripoti zinaendelea kwenda na mtoto kwenye begi.

#29 Seva Moto

Nimewasamehe. Ila hiyo akaunti ya Google iwe na wamiliki wawili, na simu ya kurejeshea nywila iwe ya ofisi. Nywila iandikwe kwenye bahasha, ikae kwenye sefu ya mhasibu.

#30 Chapa Ilale

Posho 150,000 ya kubadilisha tarehe? Hii nchi ina wenyewe.

#31 Mama Wawili

Kila ukurasa uandikwe chini "imesasishwa" na tarehe. Nikikuta ada haina tarehe, kwangu hiyo ni ya mwaka juzi. Na ada ya mwakani iwekwe Septemba, msingoje Desemba. Mimi Desemba nilishalipa kwingine.

#32 Mhasibu Mstaafu

Nani anaidhinisha tarakimu za ada kabla hazijapanda? Mwalimu akikosea sifuri moja, mzazi atakuja na picha ya skrini na atakuwa na haki.

#33 Mwalimu wa Zamu

Tumekubaliana hivi: ukurasa wa ada nauchapa kwenye karatasi, mhasibu anapitia na kusaini, meneja anasaini, karatasi inaingia kwenye faili, ndipo naupandisha. Wa kwanza uko mezani kwa mhasibu sasa hivi, na keshazungushia duara jekundu kwenye nauli ya basi la Bigwa.